Kihakiki kinaponyamaza, kinapopiga kelele, kinapogoma: utatuzi wa matatizo ya uhakiki wa HTML ndani ya ujenzi wa tovuti

Watu wanaotia kihakiki cha HTML, yaani programu inayokagua kama kurasa zinafuata kanuni za HTML, kwenye ujenzi wa tovuti (hatua ya kugeuza violezo kuwa kurasa kamili) huja na malalamiko yaleyale. Ama kinapitisha ukurasa uliovunjika, ama kinatapika makosa mia tano baada ya mstari mmoja kubadilishwa, ama kinakubali kwenye kompyuta ya mtu na kugoma kwenye seva ya ujenzi, mashine inayojenga tovuti yenyewe kila msimbo unapobadilika. Mara nyingi kasoro iko njiani: faili iliyokifikia kihakiki siyo uliyodhani, au jibu lake halikumfikia aliyetakiwa kulisikia. Kwa hiyo kabla ya kugusa tagi hata moja, uliza kimesoma faili zipi, ni toleo gani lililosoma, na jibu limeishia wapi.

Mifano ya hapa inatumia zana mbili. Ya kwanza ni Nu Html Checker, ambayo wengi huiita vnu kutokana na faili yake `vnu.jar`. Imeandikwa kwa Java na ndiyo injini ya huduma ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliyopo validator.w3.org/nu. Ya pili ni `html-validate`, inayokaa ndani ya Node (mazingira ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari) na haina haja ya Java. Ukitumia nyingine amri zitabadilika, ila dalili zitakuwa hizihizi.

## Dalili: ujenzi ni wa kijani, lakini ukurasa umevunjika

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeilalamikia hadi miezi ipite. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Anza na kipimo rahisi: tia kosa kwa makusudi. Fungua kiolezo kimoja, ongeza `</section>` isiyo na mwenzake, kisha endesha ujenzi mzima, usiendeshe kihakiki peke yake. Ujenzi ukigeuka mwekundu, yaani ukianguka, mlolongo wako ni mzima. Rudia kipimo kwenye ukurasa ule unaosumbua. Ukibaki wa kijani, pitia sababu zifuatazo kuanzia ile inayotokea sana.

Faili hazikusomwa, au zimesomwa chache. Tazama mstari huu wa `package.json`, faili ya mipangilio ya mradi wa Node (`dist` ni folda ya matokeo ya ujenzi):

```
"hakiki": "html-validate dist/**/*.html"
```

Unaonekana sawa, na kuna siku unafanya kazi vizuri kabisa. Lakini kwenye Linux na macOS, npm, kiendesha skripti cha Node, huikabidhi amri hiyo kwa `sh` (ganda la amri), na `sh` haijui maana ya nyota mbili. Huzichukulia kama nyota moja, yaani folda moja tu chini ya `dist`. Basi `dist/habari/makala.html` inasomwa, `dist/index.html` inarukwa, na kila kilichozama zaidi kinarukwa pia. Kinachowachanganya watu ni kwamba `sh` isipopata faili yoyote inayolingana, huupeleka mchoro huo wa nyota kama ulivyo, kisha `html-validate` huufasiri yenyewe kwa usahihi. Kwa hiyo tovuti yenye ukurasa mmoja inahakikiwa vizuri, halafu siku unapoongeza folda ya kwanza, ukurasa wa mwanzo unaachwa bila mtu kujua.

Dawa ni alama za nukuu:

```
"hakiki": "html-validate \"dist/**/*.html\""
```

Ziwe nukuu mbili. Nukuu moja moja zinafaa kwenye Linux na macOS, lakini `cmd` ya Windows haizitambui kama nukuu.

Kwa vnu ni afadhali kumpa folda nzima na kumwambia ataje anachosoma:

```
java -jar vnu.jar --skip-non-html --verbose dist/
```

`--verbose` huandika jina la kila faili iliyokaguliwa. Linganisha idadi yake na ya `find dist -name '*.html' | wc -l`. Zikitofautiana, umeshampata mwizi. Mimi huongeza pia mlinzi mlangoni, maana folda tupu haina makosa na zana nyingi huihesabu kuwa imefaulu:

```
test "$(find dist -name '*.html' | wc -l)" -gt 0
```

Jibu limemezwa. Programu ikimaliza kazi huacha namba: sifuri maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna kosa. Seva ya ujenzi husikiliza namba hiyo tu, haisomi maandishi mekundu kwenye logi. Sasa angalia hii:

```
java -jar vnu.jar dist/ 2>&1 | tee ripoti.txt
```

Namba inayobaki hapa ni ya `tee`, na `tee` imefanikiwa kuandika faili yake, kwa hiyo sifuri. Makosa yote unayaona kwenye logi na ujenzi unapita. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti ya bash, ili kosa la amri yoyote kwenye mnyororo lihesabike. Kwenye GitHub Actions, huduma ya ujenzi ya GitHub, kuna mtego wa ziada: hatua isiyotajiwa `shell` huendeshwa kwa `bash -e` bila pipefail, lakini ukiandika `shell: bash` waziwazi, pipefail huwashwa. Ni mstari mmoja wenye tofauti kubwa.

Bado kijani? Tafuta maneno haya kwenye mipangilio yako yote: `|| true`, `--exit-zero-always`, `continue-on-error: true`, na kwa GitLab `allow_failure: true`. Kwa kawaida mtu aliyaweka usiku mmoja ili kazi ipite, akasahau kuyatoa. Ukiyakuta, soma kwanza historia ya faili ujue yaliwekwa kwa nini. Huenda yanafunika tatizo lingine kwenye orodha hii.

Hatua zimekimbizana. `npm run build & npm run hakiki` kwa `sh` ina maana "anza ya kwanza, usiisubiri, anza ya pili". Kihakiki kinasoma `dist` ya jana, au folda iliyojengwa nusu. Kwenye `cmd` alama hiyohiyo inasubiri, lakini inaendelea hata kama ya kwanza imeanguka. Tumia `&&`, au ipe skripti jina `postbuild` ili npm iiendeshe yenyewe baada ya `build`. Futa `dist` mwanzoni mwa kila ujenzi.

Ni maonyo, siyo makosa. vnu huacha sifuri ikiwa kilichopatikana ni maonyo matupu. Ukitaka maonyo nayo yazuie, ongeza `--Werror`. Kwa `html-validate` ni `--max-warnings 0`.

Nyekundu haizuii kitu. Nadra, lakini ipo: kihakiki kinaanguka ipasavyo, ila tawi kuu halijawekewa sharti la kupita kwanza, na watu wanaunganisha kazi zao hivyohivyo. Hapo usijitwike mipangilio ya hazina ya msimbo kama si wewe mwenye dhamana yake. Mpelekee msimamizi, kwa sababu sharti jipya linaweza kufungia nje marekebisho ya dharura ya timu nzima.

## Dalili: faili ya ripoti ni tupu

Sababu karibu ni moja. vnu hutoa ujumbe kwenye mkondo wa makosa, wakati alama ya `>` hukamata mkondo wa kawaida. Ongeza `--stdout`, au andika `2> ripoti.txt`. Ukitaka kuisoma kwa programu, `--format json`.

## Dalili: makosa mamia kwa mpigo

Usianze kuyahesabu. Nenda kwenye kosa la kwanza la faili ya kwanza, litengeneze, endesha tena. Tagi moja isiyofungwa huzaa watoto wengi: `Unclosed element`, kisha `Stray end tag`, kisha `End of file seen and there were open elements`. Nimeona ripoti ndefu ikiyeyuka yote kwa alama moja ya nukuu iliyosahauliwa kwenye `href`.

Isipopungua, angalia kama makosa yanatoka kwenye faili zisizo HTML. Bila `--skip-non-html`, vnu ikipewa folda husoma kila kilichomo, pamoja na picha na JavaScript, na kuzilazimisha ziwe HTML. Mwone tu jina la faili kwenye ujumbe.

Sababu inayofuata kwa wingi ni kuhakiki violezo badala ya matokeo. Faili ya Jinja, EJS, Handlebars au PHP bado haijawa HTML. Kichwa cha ukurasa kiko faili moja na mguu faili nyingine, kwa hiyo kila moja itaonekana imekatwa kiuno. Hakiki kilichotoka kwenye ujenzi. Ikiwa kurasa zako hutengenezwa na seva kila zinapoombwa, washa seva hiyo wakati wa ujenzi, pakua kurasa unazozitaka, uhakiki zilizopakuliwa. Na angalia namba ya hali ya HTTP kwanza! Ukurasa wa "haupatikani" unaweza kuwa HTML safi kabisa, ukapita vizuri, na kumbe hukuhakiki ulichokikusudia.

Makosa yakiwa ya ajabu kuanzia herufi ya kwanza, shuku usimbaji wa herufi. Windows PowerShell 5.1 ikitumia `>` huandika UTF-16, ilhali kiwango cha HTML kinataka UTF-8. Amri `file dist/index.html` itakuambia. Andika faili kwa zana inayokubali kutajiwa UTF-8, kisha weka `<meta charset="utf-8">` ndani ya baiti 1024 za mwanzo.

Halafu kuna hali ambayo makosa ni mengi kwa sababu ni mengi kweli: mradi wa miaka, haujawahi kuhakikiwa. Hapa nina msimamo. Usiwashe kihakiki kizuie kila kitu siku ya kwanza. Timu itakizima kabla ya jua kuzama. Hesabu makosa yaliyopo leo, hifadhi idadi hiyo kwenye hazina, na ufanye ujenzi uanguke iwapo tu idadi imepanda. Kila inaposhuka, shusha kikomo nacho.

Simama hapa: usijaribu kumaliza makosa ya zamani kwa tafuta-na-badilisha juu ya hifadhidata ya maudhui. HTML iliyoandikwa na wahariri kwa miaka haifuati mchoro mmoja, na badiliko moja pana huharibu makala mia kimyakimya. Kazi hiyo ni ya mtu wa hifadhidata, mwenye nakala ya akiba aliyokwisha kujaribu kuirejesha.

## Dalili: ujumbe unataja tagi ambayo mbona ipo

`No “p” element in scope but a “p” end tag seen.` Mtu anaufungua mstari, anaiona `<p>`, anaiona `</p>`, anaapa kihakiki kimelewa.

Kiko sawa. Ukiandika hivi:

```
<p>Utangulizi <div class="sanduku">...</div></p>
```

kanuni za HTML zinasema `<div>` haiwezi kukaa ndani ya `<p>`, kwa hiyo kichanganuzi (sehemu inayosoma HTML ndani ya kivinjari na kihakiki) kinapoiona `<div>` huifunga `<p>` hapohapo. `</p>` ya mwisho inabaki yatima, na kivinjari huitengenezea aya tupu. Ile nafasi isiyoeleweka chini ya sanduku, ambayo mtu wa CSS amehangaika nayo wiki nzima, mara nyingi ndiyo hii. Hali ni hiyohiyo kwa `<ul>` au `<h2>` ndani ya `<p>`. Mkosaji mkubwa ni kihariri cha maudhui kinachozungushia `<p>` kila kitu, na kiolezo nacho kikaongeza yake. Badilisha `<p>` ya nje iwe `<div>`.

Ndugu wa kosa hili ni `Duplicate ID`. Kijenzi kilichoandikwa mara moja kimewekwa ukurasani mara tatu, na kila nakala ina `id="barua"`. Usilipuuze kama udhia: `<label for="barua">` zote tatu zinaelekeza kwenye kisanduku cha kwanza, kwa hiyo anayebofya lebo ya tatu anajikuta juu ya ukurasa, na anayetumia kisoma-skrini anasikia fomu isiyo na kichwa wala mguu.

## Dalili: kwangu inapita, kwenye seva ya ujenzi inaanguka

Angalia matoleo kwanza. HTML haina tena toleo linalosimama. W3C ilitoa HTML5 tarehe 28 Oktoba 2014, lakini tangu makubaliano ya 2019 kati yake na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari, kiwango kinachofuatwa ni kile kinachoendelea kuandikwa, nacho kihakiki hukifuata. Ukipakua "la karibuni" kila ujenzi, ipo siku ujumbe mpya utatokea bila wewe kubadilisha herufi. Funga toleo kwenye `package-lock.json`, tumia `npm ci` badala ya `npm install` kwenye seva, na pandisha toleo kwa komiti (commit) yake yenyewe ili lawama isiangukie kazi ya mtu mwingine.

Kisha Java. `java: command not found` inajieleza. `UnsupportedClassVersionError` ina namba ndani yake: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Sakinisha inayolingana au mpya zaidi. Kama hutaki Java kabisa kwenye seva, kuna kontena `ghcr.io/validator/validator`, linalosikiliza kwenye mlango 8888.

Baada ya hapo, kache ya seva iliyoshika `dist` ya zamani, na herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili: Linux hutofautisha `Kichwa.html` na `kichwa.html`, macOS na Windows kwa kawaida hazitofautishi. Kipande kisichopatikana kinaweza kuacha shimo katikati ya ukurasa, na shimo hilo ndilo kihakiki kinalalamikia.

Kama ujenzi wako hutuma kurasa kwenye huduma ya wazi ya W3C, huenda unazuiwa kwa kutuma maombi mengi. Huduma hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuhudumia seva za ujenzi. Endesha vnu kwako. Kuna sababu nzito zaidi ya adabu: kurasa zenye taarifa za wateja, au zisizotangazwa bado, hazipaswi kutoka nje ya mtandao wako. Ukigundua zimekuwa zikitumwa, usifute mstari na kunyamaza. Mwarifu anayesimamia usalama wa data, yeye ndiye wa kupima madhara.

## Dalili: tovuti ya JavaScript inapita kila mara, hata ikivurugwa

Fungua `dist/index.html`. Ukikuta `<div id="root"></div>` na skripti mbili, basi ndivyo vilivyohakikiwa. Ukurasa wenyewe huzaliwa ndani ya kivinjari, na kihakiki hakina kivinjari.

Tiba inayokimbiliwa na wengi ni kuendesha Playwright au Puppeteer (zana za kuongoza kivinjari kwa programu), kusubiri ukurasa uchoreke, kuchukua `page.content()` na kuipeleka kwa kihakiki. Inasaidia: utaona `id` zilizorudiwa, picha zisizo na `alt`, atributi zenye thamani mbovu. Lakini ijue mipaka yake. `page.content()` ni maelezo ya mti ambao kivinjari tayari kimeujenga, na kivinjari hurekebisha kabla ya kujenga. Tagi yatima imeshatupwa, isiyofungwa imeshafungwa. Unahakiki mgonjwa aliyekwisha kushonwa. Makosa ya uandishi hayatoonekana kwa njia hii.

Ikiwa fremuweki yako inaweza kuandika HTML upande wa seva, hakiki hiyo, kabla kivinjari hakijaigusa. Hapo ndipo utapata `<div>` ndani ya `<p>`, au `<tr>` iliyowekwa moja kwa moja ndani ya `<table>`. Ya pili ni halali kwenye HTML na kihakiki hakitaikataa, lakini kivinjari kitaongeza `<tbody>`, na React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) ikija kulinganisha mti wake na wa kivinjari italalamika kwamba haufanani. Kwa hiyo onyo la kutofanana likibaki baada ya kihakiki kuridhika, tafuta majedwali.

## Dalili: kinakataa atributi za fremuweki

`Attribute “x-data” not allowed on element “div” at this point.` Alpine, htmx na wenzao, maktaba za JavaScript, hutumia atributi zisizo kwenye kiwango. Htmx inakubali kiambishi `data-`, kwa hiyo `data-hx-get` inamaliza hoja. Kwa zingine tumia kichujio, faili yenye mchoro mmoja kwa kila mstari:

```
# Alpine
.*Attribute “x-.*
```

uipitishe kwa `--filterfile`. Kichujio kiwe chembamba. Mwenye kuandika `.*not allowed.*` ameshakizima kihakiki, bado hajajua tu. Na kwenye `html-validate`, kabla ya kuzima kanuni moja moja, tazama kama ulihitaji `html-validate:recommended` au `html-validate:standard`. Ya kwanza inabeba pia mambo ya mtindo, kama mkwaju wa `<br />` na nafasi mwishoni mwa mstari. Ya pili inashikilia kiwango. Kama kipanga-msimbo chako ni Prettier, chenyewe huweka mkwaju huo, na utajikuta zana mbili zinapigana huku wewe ukiamua ugomvi kila siku. Zima kanuni ya `void-style`, endelea na maisha.

## Dalili: uhakiki unachukua muda kuliko ujenzi

Kama umeandika kitanzi kinachoita `java -jar` kwa kila faili, Java inawashwa upya kila mara. Mpe folda nzima mara moja. `Argument list too long` ina tiba ileile. `StackOverflowError` hutokea kwenye ukurasa wenye elementi zilizozama sana. Ongeza `-Xss2m` kabla ya `-jar`, kisha ujiulize kwa nini ukurasa umezama hivyo.

## Weka zana chini

Kuna kosa moja la HTML ambalo si la mhandisi wa ujenzi kulirekebisha kimyakimya. Tagi yatima au nukuu iliyokatika ikitokea tu kwenye kurasa zinazoonyesha maandishi ya watumiaji, kama maoni, majina au matokeo ya utafutaji, nenda kwenye mazingira ya majaribio, usiende kwenye tovuti hai, uandike `<b>jaribio</b>` kwenye fomu. Ukiona neno limekolea badala ya kuona tagi zenyewe, maandishi yanaingia ukurasani bila kukingwa, na mahali inapopita `<b>` inaweza kupita `<script>`. Usiongeze kichujio, usizime kanuni, wala usiandike maelezo ya tundu hilo kwenye tiketi inayosomwa na kila mtu. Mwite anayeshughulikia usalama wa programu siku hiyohiyo, umpe ripoti ya kihakiki kama ilivyo.